Picha Zisizo na Vichwa

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba siku hizi unakula mchana kama watu wengine. Sisi huku hatujambo, ila mgongo wangu umeanza tena visa vyake kwa sababu ya kuinamia cherehani. Mama yako anakusalimu, anasema goti linaendelea vizuri. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ile simu uliyoninunulia ina herufi ndogo kama chawa, nikigusa moja zinakuja tatu. Na nikikupigia nikiwa kazini, nyuma ya pazia hakukosi mteja anayesikia kila neno.

Stoo ya picha uliyonifungulia hewani imenitoa jasho kwenye jambo moja tu, mengine yote naisifu. Tangu simu ya zamani ilipotumbukia kwenye ndoo na picha zote za kazi zikafa nayo, nilikuwa sina amani. Sasa napiga picha, inapanda yenyewe huko juu, nalala. Tatizo ni fundi magodoro.

Nikueleze vizuri ili unielewe. Mwanamke aliyekatwa titi akija kwangu, namsimamisha mbele ya pazia nampiga picha kutoka shingoni hadi kiunoni. Kichwa hapana, hilo ndilo sharti langu na kila mmoja namwapia. Pembeni yake natundika gauni analolipenda kuliko yote, maana mwenzake, ndivyo tunavyoliita lile titi la sponji, lazima likatwe kwa kufuata gauni litakalolibeba. Ukikata bila kuliona gauni, mtu anakwenda kazini bega moja limepanda kama anabeba ndoo. Sasa sponji nzuri anayo fundi magodoro wa mji wa pili, naye lazima aone picha ndipo akate. Kila akitaka kuingia stoo anadaiwa namba, namba inakuja kwenye simu yangu, mimi niko na sindano mdomoni, yeye ananipigia kelele, mpaka nimsomee imeshakufa. Jana ameniambia atakata kwa kukisia. Hebu niletee nafuu hapo.

Sharti letu liko palepale. Ufunguo unao wewe, lakini usiingie kutazama. Wale wamenivulia mimi, hawakukuvulia wewe.

Shangazi yako


12 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye basi nikicheka peke yangu hadi mama mmoja akasogea kiti kingine. Mimi mzima. Kazi ni ileile, kutunza mafaili ya watu kwenye ofisi ya mawakili, kutwa nzima nafungia siri zisizonihusu.

Suala la fundi nimelimaliza. Nimekutumia linki kwenye simu, ile mistari mirefu ya buluu. Mtumie yeye. Akiibonyeza anaingia moja kwa moja, hadaiwi namba wala chochote. Lakini nisikilize hapa, usiruke mstari huu: yeyote atakayekuwa na linki hiyo anaingia kama yeye. Mwambie asimpe mtu. Akishamaliza kazi hii uniambie, niibane tena. Ningependa kumfungulia picha mojamoja, ila umeziweka zote kwenye chumba kimoja na kuzipanga kutanichukua muda, na ofisini siku hizi hatupumui. Tutafanya nikija likizo.

Na sharti sijalivunja. Hata mlango sijawahi kuusukuma.

Mama ana nini? Nikimpigia ya picha hapokei, ya sauti anapokea. Anasema kamera ya simu yake ina ukungu. Nimemwambia ampelekee fundi wa simu, akanicheka, akahamia habari za goti. Mwaka mzima sasa goti. Mwishoni mwa Aprili nina likizo, nitakuja nimpeleke mwenyewe kwa daktari wa mifupa, na asilete ubishi wake.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Salamu zangu leo ni fupi, nisamehe. Nimeamka salama, mama yako ameamka salama, lakini moyo wangu haujatulia.

Juzi nilipokupigia nikasema funga stoo yote sasa hivi, hukuuliza kitu. Nakushukuru kwa hilo, maana mbele yangu alikuwa amesimama Mwalimu, mmoja wa wanawake wangu wa picha, nami nisingeweza kutamka neno jingine. Sasa nakueleza.

Fundi magodoro hakuniambia kwamba macho yake yameanza kumtupa. Kwenye simu alikuwa anaona vivuli tu. Akawaza la maana kwa akili yake: apate picha kwenye karatasi, kubwa. Basi akaituma linki kwa binti wa steshenari iliyo jirani na duka lake, akamwambia amtolee ile ya juu, naye akaenda kunywa chai. Binti akabonyeza. Kompyuta yake iko juu ya kaunta na kioo kinatazama wateja, ili waone kazi zao kabla hazijachapwa. Hakikufunguka kifua kimoja, vilifunguka vyote, vimepangwa safu kwa safu, kovu kwa kovu, na watu wako kwenye foleni wanasubiri kopi za vyeti.

Nilijipa moyo kwamba nyuso hazimo. Ndivyo nilivyomwambia Mwalimu aliponiingilia dukani. Nilikuwa sijamaliza akanikatisha. Aliniambia, "Nyuso hazimo. Gauni langu limo."

Mwanangu, limo kweli. Lile gauni lake la zambarau lenye vifungo vyeupe vikubwa, kila Jumatatu analivaa, mji mzima unalijua. Kwenye foleni alikuwepo mzazi wa mwanafunzi wake, aliyekwenda mji ule kwa shughuli zake. Siku ya pili alipoingia chumba cha walimu, mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa. Hata mumewe, Mwalimu alikuwa amemwomba asimwambie mtu, naye mume hakumwambia mtu. Nimeshona miaka yote hii nikijisifu kwamba nawaficha wanawake wangu, kumbe nimewaficha nyuso nikawaanika magauni. Hilo pazia na hilo gauni ni akili yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Fundi nimemwendea. Alilia, mtu mzima yule. Karatasi aliyochapiwa tumeichoma pamoja. Binti wa steshenari anaapa hakunakili kitu, nami sina namna ya kujua.

Nakuomba jambo moja, nalo nakuomba kwa roho ya marehemu kaka yangu, baba yako. Usifungue kutazama nani yumo. Funga, futa, toka.

Shangazi yako


26 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niendelee vipi baada ya hapo, kwa hiyo naanza na kazi.

Nilifunga linki uliponipigia, ukiwa bado hujakata simu. Lakini stoo ina kumbukumbu yake, inaonyesha nani aliingia na lini. Aliingia fundi. Iliingia steshenari. Halafu, siku iliyofuata, imeingia simu nyingine ambayo si yako, si yangu, si ya fundi. Ina maana mtu alipewa linki, au aliichukua. Amekaa humo muda. Siwezi kujua kama amejihifadhia. Ningekuambia vingine ningekuwa nakuongopea. Nilichokifunga ni mlango, na kama kuna kilichokwisha kutoka, sina mkono wa kukifikia.

Ofisini kwetu faili likivuja, tunafanya hivi: tunaangalia kimetoka nini, kisha tunamjulisha kila mwenye chake. Nilitaka nikuandikie orodha ya wa kuwaonya. Ulikuwa umeziandika picha kwa majina ya utani unayowapa. Mwalimu. Wa Benki. Mcheshi. Wa Maua. Nikajiambia siangalii, nasoma majina tu. Lakini picha ziko hapohapo juu ya majina, Shangazi. Zile nilizipita haraka, macho nimeyafinya, kwa heshima.

Kisha nikafika kwa Wa Nyumbani.

Gauni la kijani lenye kola ya mistari. Nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza nikakosea saizi, na mwenye nalo akaongeza kipande cha kitambaa kingine kwapani, akasema hakionekani akishusha mkono. Kile kipande nakijua. Nilikaa nikilitazama gauni kwa sababu sikutaka kutazama pembeni yake. Halafu nikatazama.

Goti. Mmeniimbia goti mwaka mzima. Nimemtumia dawa za kuchua, nimemtumia soksi za kubana, nawe umepokea vifurushi ukaniandikia anashukuru. Wewe ndiye uliyemshika bega ukampiga picha. Wewe ndiye uliyemkatia sponji. Mimi nimeipata habari ya mama yangu nikiwa peke yangu mezani, kwenye kompyuta, kama yule mzazi wa kwenye foleni.

Wengine waambie wote, ni haki yao. Yeye usimwambie. Akijua stoo ilikuwa wazi, swali lake la kwanza litakuwa juu yangu.

Nimefuta vyote. Nimefuta na cha kwake, kikanichukua jioni nzima.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kweli, si kwa desturi ya barua. Je, unalala?

Hasira yako nimeipokea, ni yangu, na sitakujibu kwa hasira nyingine. Nilikuomba usitazame nikijua kwa nini nakuomba, na nilijua kwamba mtu akiambiwa hivyo ndiyo kwanza anatazama. Lakini ningefanyaje? Ningekuambia usitazame kwa sababu mama yako yumo?

Sasa nisikilize. Wifi yangu alipotoka kwa daktari na yale majibu hakwenda kwake, alikuja kwangu dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja akaniambia nipunguze sauti ya redio. Kitu cha kwanza alichosema, hata kabla ya ugonjwa wenyewe, ni wewe. Alisema huyu mtoto alimzika baba yake akarudi chuoni kesho yake kufanya mitihani, hajawahi kulia vizuri. Akijua, ataacha kazi aje aniogeshe. Akaniapisha. Nikaapa. Goti alilichagua yeye, kwa sababu lilikuwa linamsumbua kweli siku hizo, akaona uongo wenye chembe ya ukweli utamkalia vizuri mdomoni.

Na hakukusudia kunyamaza milele. Alisema nywele zikiota, na daktari akisema yuko safi, nitamwambia mwenyewe. Nywele zimeota. Daktari amesema yuko safi, tangu Januari. Amebaki kutafuta maneno. Mara mbili amekuja dukani akanifanyia mazoezi, mimi nikawa wewe, yeye akawa yeye, tukaishia kucheka kwa sababu mimi siwezi kuigiza sauti yako ya ofisini. Alikuwa anasubiri hiyo likizo yako.

Kuhusu kumruka, siwezi. Nikiwaambia wote nikamwacha mmoja, nitakuwa nimechagua nani anastahili kujua habari za mwili wake. Huo uchaguzi nilishaufanya mara moja bila kujua, umetufikisha hapa. Nitamwambia. Akiniuliza habari zako, nitatafuta la kusema.

Naomba usimpigie kwanza. Nawe una sauti isiyojua kuficha, ulirithi kwa kaka yangu. Nipe nafasi niongee naye kabla yako.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Silali.

Barua yako imenifika nimeshapiga.

Nilijipanga vizuri. Nilijiambia nitamuuliza hali, nitasikia goti, nitasema pole, nitakata. Ikawa hivyo mpaka katikati. Akaniambia alikuwa anaanua nguo. Nikaona ile kamba ya nyuma ya nyumba jinsi ilivyo juu, nikamwona ananyoosha mkono, nikaona na lile kovu linavyokwenda mpaka kwapani. Nikamuuliza kama mkono haumvuti akiuinua.

Nilisikia jirani anaita kuku. Kisha akaniambia kuna maji jikoni yamechemka, akakata.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri, nilikuwa namwonea huruma tu na huruma ikatoka kabla ya akili. Tangu siku hiyo simu inaita mpaka inachoka. Jana nilipiga kwa namba ya ofisi, akapokea, akasikia ni mimi, akasema yuko njiani atanipigia. Hajanipigia.

Kwa hiyo lile la kutafuta la kusema, usijisumbue tena. Anajua kwamba najua. Hajui nimejuaje, na hilo linanitesa kuliko yote, maana huenda anadhani ni wewe umevunja kiapo. Mwambie ukweli, Shangazi. Mwambie ni mimi niliyeulegeza mlango kwa sababu nilikuwa na haraka. Mwambie ni mimi niliyetazama. Usinibebee.

Tiketi ya tarehe ishirini na saba nimeshaikata. Nitakuja hivyohivyo, akitaka anifokee, akitaka anichape. Nataka nimwone tu. Nina maswali mengi mpaka najikuta nayasema kwa sauti kwenye lifti. Nani alimsindikiza hospitali? Alikuwa anakula nini zile siku mbaya? Alilia? Na ilipokuwa inamuuma usiku, mimi nilikuwa namtumia picha za viatu nikimuuliza ninunue vyeusi au vya kahawia.

Alinijibu vya kahawia. Bado ninazo zile meseji.

Mwanao


23 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, mwanangu. Hii nimempa dereva wa basi mkononi ili ikuwahi kabla hujapanda, na nimekusudia kuiandika kwa utulivu.

Nimewaambia wote, mmoja mmoja, uso kwa uso. Sikumtuma mtu wala sikupiga simu. Wa Benki alichukua mkoba wake akatoka, na mwenzake, lile titi la sponji lililokuwa tayari, akaniachia mezani. Mcheshi alicheka, akasema walau sasa ameonekana na watu kifua wazi kabla hajafa, halafu akiwa mlangoni akashika fremu akalia kwa muda mrefu. Wa Maua amesema atarudi, ila si kwa picha. Picha hakuna tena. Nimerudi kwenye utepe wa kupimia na karatasi ya kaki, na fundi magodoro atakuja dukani kupapasa karatasi kwa vidole vyake. Ikichukua muda mrefu, na ichukue.

Mwalimu anahama. Ameomba shule nyingine, mbali. Alipita kuniaga, sikutegemea. Nilimwomba radhi tena, akaniambia jambo ambalo sitalisahau. Alisema picha atazisahau, ila kila mtu pale sasa anajua pa kutazama. Wanamsalimu usoni na macho yanashuka. Gauni la zambarau ameligawa.

Sasa mama yako.

Nilimkuta uani. Nilimweleza yote kama ulivyotaka, sikukubebea. Stoo, linki, steshenari, ile simu isiyojulikana, na wewe mezani kwako. Alisikiliza huku anachambua mboga, hakuacha hata mara moja. Nilitegemea atanigombeza kwa watu kumwona. Hilo hakuligusa. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo amenikuta bila mimi kuwepo?"

Nikasema ndiyo.

Akaacha zile mboga akaingia ndani. Sijamwona akilia hivyo hata siku ya kumzika kaka yangu. Nilisimama nje ya mlango kama mgeni. Baadaye alinifungulia, akanieleza, nami nakueleza kama alivyosema. Anasema ugonjwa ulimchukulia mengi, na yote alikuwa haulizwi. Titi hakuulizwa, nywele hakuulizwa, mpaka saa ya kulala aliamuliwa na dawa. Kitu kimoja tu kilikuwa chake, nacho ni namna ya kukuambia. Alikuwa ameshachagua mahali, pale barazani kwake. Alikuwa anajua ataanza na lipi na ataliacha lipi lisikuumize. Alikuwa anataka awe amevaa vizuri, amesimama wima, na uone kwanza kwamba yuko hai, ndipo usikie mengine. Wewe umeona mengine kwanza.

Hajakukasirikia kwa kosa la kazi. Anasema hata yeye angetazama, kama angekuwa ni mama yake. Lakini anaomba usije tarehe ishirini na saba. Najua umeshakata tiketi. Nilimbembeleza, nikamwambia mtoto atakufa kwa mawazo. Akasema uje atakapokuita. Nikamuuliza atakuita lini. Akasema mpaka apate nguvu ya kukuambia upya, kama vile hujui.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia lakini anajua tayari, wifi. Akasema hapana, anachojua ni picha, na picha ile haina kichwa.

Basi nenda karudishe hiyo tiketi, mwanangu. Usipige simu, atapiga yeye. Na siku atakayokuita, utakaa pale atakapokukalisha, na atakapoanza kusema kwamba halikuwa goti, hutasema najua. Hutaitikia haraka, hutammalizia maneno hata akikwama, hata ukiona anahangaika na wewe neno unalo mdomoni. Utamwacha akuambie.

Shangazi yako